Paris: nifuate mkate wa mikoani au niridhike na baguette?

Mzee wa Boflo: Wakuu habari. Mwezi ujao nina safari ya kikazi Paris, nitapata siku moja ya kuzurura. Baguette, ule mkate wao mrefu mwembamba, nimeshakula sana, nataka mikate ya mikoani kwao: fougasse ya Provence, mkate mweusi wa rai (nafaka jamaa ya ngano) wa Auvergne, kougelhopf ya Alsace. Ipi niitafute kwanza, na wapi?

Dada wa Montreuil: Kaka, siku moja ipi? Unafikia mtaa gani? Na huo mwezi ujao ni Agosti? Agosti waokaji wengi wako likizo, utaishia kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Duka la mikate la Du Pain et des Idées, kwa mfano, Jumamosi na Jumapili hawafungui. Jibu kwanza.

Konde Boy wa Tanga: Maswali ya nini? Aende duka la mikate la Poilâne, rue du Cherche-Midi, wapo tangu 1932. Miche yao, ule mkate mkubwa wa duara, inakaribia kilo mbili, ganda limechorwa herufi P, na ukitaka unakatiwa robo. Uchachu wake siku ya tatu ndiyo unanoga. Siagi, chumvi kidogo, umemaliza.

Mwana Bukavu: Kaulizia mkate wa mikoani, unampeleka kwenye mkate wa Paris!

Konde Boy wa Tanga: Mwanzilishi wa Poilâne alitokea mkoani, Normandy.

Mwana Bukavu: Na mimi nimetokea Bukavu. Nikikaanga samaki hapa Paris, mtaa wa Château Rouge, watakuwa sambaza wa Kivu?

Bi Mkunazini: Baba, kwenye hiyo fougasse nisikilize mimi. Mwaka juzi nilikwenda kumtazama mwanangu. Nikaingia duka moja, nikaiona imelala kama jani kubwa, imechanjwachanjwa, karatasi imelowa mafuta ya zeituni. Ina vipande vyekundu vyekundu ndani, nikajisemea nyanya hizo. Nikanyoosha kidole, nikalipa, nikatoka nayo hadi kwenye benchi. Nimeshamega, naipeleka mdomoni, mwanangu akapiga ukelele barabarani: "Mama, *lardons*!" Nguruwe! Njiwa wa pale walikula vizuri siku ile. Na muuzaji aliniona na mtandio wangu, hakufungua kinywa. Basi ukifika sema *aux olives*, yaani ya zeituni, kisha uliza tena.

Konde Boy wa Tanga: Pole Bi. Lakini muuzaji atajuaje? Umenyoosha kidole mwenyewe.

Bi Mkunazini: Mwanangu, mimi ni mama yako. Nyamaza.

Dada wa Montreuil: Shikamoo Bi, pole sana. Hata kougelhopf muulize muuzaji, zabibu zake mara nyingine huloweshwa kwenye pombe.

Mwana Bukavu: Kougelhopf ina mayai, siagi, sukari. Hiyo ni keki, tusidanganyane.

Mzee wa Boflo: Mbona mkate wa kumimina una sukari na tunauita mkate?

Mwana Bukavu: Huo nao mna kesi nao.

Fundi Tanuri: Mimi naoka. Mkuu, soma kibao cha duka. Tangu 1998 sheria yao hairuhusu kuandika *boulangerie*, yaani duka la mwokaji, kama unga haukandwi na kuokwa hapohapo. Ukikosa mkate wa mkoani, omba *tradition*, baguette ya kienyeji: kwa amri ya 1993 unga wake haugandishwi wala hautiwi dawa. Ila kwa mtu wa safari mimi nasema rai. Mzito, unyevu, wiki nzima haujakauka. Fougasse jioni tu imeshakuwa kamba.

Konde Boy wa Tanga: Rai inafanana na mofa wa jana.

Bi Mkunazini: Mofa umeula wapi wewe? Wa mtama, wa tanuri la udongo, au ule wa kwenye mfuko?

Konde Boy wa Tanga: Wa bibi yangu, Pangani.

Bi Mkunazini: Hapo sawa. Na kitoweo gani?

Mzee wa Boflo: Asanteni wote. Nafikia karibu na kituo cha treni cha Gare de l'Est. Je, mkate wa rai nikiutia kwenye begi kubwa utafika Dar mzima?

Dada wa Montreuil: Kaka, siku ipi?