Ushauri: Mustang ya 2007 V8 au ya 2013 V6? Nina dola 12,000, niko Columbus, Ohio

KijanaWaChuda

Habari za leo wakuu.

Nimekulia Tanga, mtaa wa Chuda. Kinyozi wetu alibandika juu ya kioo picha iliyokatwa kwenye kalenda: Mustang nyekundu imesimama pembeni mwa barabara isiyo na mtu. Kalenda yenyewe ilikuwa ya miaka mingi nyuma, kona moja imeliwa na mende, lakini picha hakuitoa. Kila nikikalishwa kwenye kile kiti macho yangu yako pale mpaka ananipangusa shingo. Sikujua ni gari la kampuni gani. Nilimjua tu yule farasi anayekimbia kwenye grili.

Sasa nina miaka 33, nafanya kazi ghalani shifti ya usiku, nina mke na binti wa miaka minne. Corolla ya nyumbani ipo na haiuzwi. Nimedunduliza miaka mitatu nikafikisha dola 12,000. Mkopo sitaki. Nimepata mbili:

Ya kwanza ni GT (toleo lenye injini kubwa) ya 2007, V8 (silinda nane) ya lita 4.6, gia za mkono, nyeusi, maili 96,000, anataka 11,500. Muuzaji ni mtu binafsi.

Ya pili ni ya 2013, V6 (silinda sita) ya lita 3.7, otomatiki, rangi ya majivu, maili 88,000, wanataka 11,900. Iko kwenye yadi.

Jamaa wa kazini ananiambia V6 si Mustang, ni kujidanganya, bora nikae bila. Neno hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Naombeni ushauri wa waliowahi kuwa nazo.

MzeeWaGia (Minneapolis)

Karibu mdogo wangu. Nianze na hilo neno la jamaa yako, maana linawapotosha vijana wengi.

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Unajua chini yake kulikuwa na nini? Vyuma vya Ford Falcon, gari la kawaida kabisa la kupeleka watoto shule. Lee Iacocca na wenzake pale Ford walitaka gari lenye sura ya kuvutia ambalo karani au mwalimu anaweza kulilipia. Injini ya msingi ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 101. Mia na moja! V8 ulikuwa unaongeza hela.

Na watu walilichukua hivyo hivyo. Mwalimu mmoja kijana wa Chicago aliuziwa lake siku mbili kabla ya uzinduzi kwa sababu muuzaji hakuweza kujizuia. Kampuni ilitarajia kuuza kama 100,000 mwaka wa kwanza, zikatoka zaidi ya 400,000. Machi 1966 wakafikisha milioni moja. Sasa hebu niambie, wale wote walionunua silinda sita walinunua nini kama si Mustang?

Kwa hiyo hilo jambo liondoe mezani. Swali lako la kweli ni gari lipi kati ya hayo mawili ni zima. Mimi nimemiliki ya 1989 na ya 2006. Tuma namba za chasisi, siyo hapa hadharani, nitumie pembeni.

FundiWaHouston

Mkuu, mimi nafungua injini hizi kila wiki, naomba unisome taratibu.

GT ya 2005 hadi 2009 ina injini ya 4.6 yenye valvu tatu kila silinda, nguvu 300. Ni injini nzuri, ukiitunza inakwenda mbali. Ila ina shida moja kubwa: plagi. Plagi zake za asili ni za vipande viwili, ndefu, na za miaka ya 2005 hadi 2007 na baadhi ya 2008 zinashikwa na masizi ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini). Ukivuta, juu inatoka na chini inabaki humo ndani. Ziko nane. Kutoa kipande kilichobaki kunahitaji kifaa maalumu na subira, na fundi asiyejua atakuharibia hedi. Kitabu cha gari kinasema zibadilishwe maili 100,000. Yako ina 96,000. Umeona tatizo lilipo? Pengine anaiuza sasa ili kazi hiyo ikuangukie wewe. Mwombe risiti ya plagi. Akikuonyesha kwamba zimeshabadilishwa, gari hilo limepanda thamani machoni pangu. Akisema "ziko sawa tu", toa gharama hiyo kwenye bei.

Pili, iwashe ikiwa baridi, kisha izungushe mpaka ipate moto kabisa na uiache ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Ukisikia tiki-tiki-tiki kama dizeli kutoka mbele ya injini, hapo vifaa vinavyogeuza taimingi ya kemu (mhimili unaofungua valvu) vimechoka.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Fungua mlango wa abiria, piga magoti, tia mkono chini ya zulia pale anapoweka miguu. Usiguse juu, ingiza vidole chini kabisa. Magari ya miaka hiyo yana mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele, majani yakiziba maji yanaingia ndani upande huo. Na upande huo huo, ubavuni kwenye mguu wa abiria, ndipo lilipo sanduku la fyuzi na umeme wa bodi. Maji yakilifikia, taa zinawaka zenyewe, vioo vinagoma, na hutajua kwa nini.

Ya 2013 ni kizazi kile kile, bodi ile ile iliyoanza 2005, lakini injini ni nyingine kabisa. Kuanzia 2011 V6 ni 3.7, nguvu 305. Linganisha: V6 ya 2013 ina nguvu kuliko GT ya 2007 unayoitamani. Na barabara kuu otomatiki yake ilipimwa maili 31 kwa galoni. Usiichanganye na V6 ya zamani ya lita 4.0, ya 2005 hadi 2010, yenye nguvu 210. Ile mmoja wa minyororo yake ya taimingi uko nyuma ya injini, na ukianza kugonga inabidi injini ishushwe. Hiyo ukiiona usisimame.

mama_wawili

Kaka, hongera kwa kuweka akiba bila mkopo. Mimi nakuuliza mambo ya nyumbani.

Umeshapiga simu bima? Piga kabla hujaenda kuangalia, uwape namba ya chasisi ya kila moja. Mume wangu alinunua gari la milango miwili akajua habari ya bima baada ya kusaini, na tofauti ya kila mwezi ilituumiza mwaka mzima.

Halafu binti yako. Viti vya nyuma vina ndoano za kufungia kiti cha mtoto, lakini ni lazima usukume kiti cha mbele, uiname, uingize kichwa na mtoto kwa pamoja. Kwa mtoto wa miaka minne mwenye koti la baridi ni kazi. Nenda na kiti chake siku ya kuangalia gari, kifunge pale pale mbele ya muuzaji. Na nenda na mke wako, akae ndani, asikie mwenyewe.

MzeeWaGia

Namba nimezipata. Kwa faida ya wengine: kwa magari haya angalia herufi ya nane ya namba ya chasisi. H ni V8 ya 4.6, N ni V6 ya 4.0, M ni V6 ya 3.7, F ni V8 ya 5.0 iliyoanza 2011 na nguvu 412. Kuna watu wanabandika nembo ya GT kwenye V6 na kukuuzia kwa bei ya GT. Zile za 2005 hadi 2009 zinajionyesha nyuma: GT ina ekzosi mbili, V6 ina moja. Kuanzia 2011 V6 nayo ikapewa mbili, hapo jicho halitoshi, soma namba. Za kijana wetu ziko sawa, H na M.

Pia ingiza namba kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA. Mustang za 2005 hadi 2014 zimo kwenye mwito wa kurudisha magari yabadilishwe mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile ambayo kibati chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kubadilisha ni bure, popote wanapouza Ford. Lakini hakikisha imebadilishwa, usimwendeshe mtoto kabla.

Mkwajuni_001 (Mombasa)

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Wakuu, kijana akishaichoka si anaweza kuituma huku? Nina mteja.

MswahiliWaBirmingham

Hapana ndugu yangu. Hizo zote mbili ni za usukani wa kushoto, na Kenya hazisajiliwi. Umri pia umepita miaka minane inayoruhusiwa. Ford walianza kutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani na kizazi cha 2015 tu, ndipo sisi wa Uingereza tukazipata rasmi. Mimi ninayo ya 2017. Kizazi hicho ndicho cha kwanza ambacho aina zote, si toleo maalumu tu, zina springi huru kwa kila tairi la nyuma. Za kabla yake nyuma kuna ekseli moja ngumu, ukipita kwenye shimo upande mmoja, wa pili nao unajua.

FundiWaHouston

Niongeze kitu nilichokisahau, na naomba kijana alichukue kwa uzito kwa sababu ya ile ya yadini.

Baada ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, hapa kwetu magari yalizama mpaka paani. Mengi yalikaushwa, yakapelekwa majimbo mengine. Mimi mwenyewe mwaka uliofuata nililetewa moja na Mkongomani aliyelinunua kwenye yadi ya jimbo jingine. Safi, linanukia manukato. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: nusu ya mwisho ilikuwa na mstari wa tope, umekauka, sawasawa na rula. Alilia mbele yangu yule baba.

Kwa hiyo vuta mikanda yote mpaka mwisho. Inua zulia la buti, angalia pale linapokaa tairi la akiba. Na soma hati ya umiliki kwa macho yako: ikiandikwa "Salvage" au "Rebuilt", bima iliwahi kuliandika hasara. Hapo bei yake ni nyingine kabisa.

KijanaWaChuda

MREJESHO. Nawashukuru sana, sijui nianzie wapi.

Jumamosi tulienda kuiona GT, mimi na mke wangu. Wakuu, ile sauti. Alipoiwasha kifua changu kilitetemeka, na mke wangu akanitazama akaona. Nilikuwa tayari kutoa hela. Kisha nikakumbuka maneno ya fundi, nikapiga magoti upande wa abiria, nikaingiza vidole chini ya zulia. Vilitoka na maji. Siyo unyevu, maji, na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Nikamuuliza habari ya plagi, akasema hajawahi kuzigusa. Nikamwomba niipeleke kwa fundi nilipie mwenyewe, akakataa. Tukarudi nyumbani kimya. Inauma, sitawaficha.

MzeeWaGia

Pole, ila umefanya vizuri. Mustang yenyewe ilikuwa karibu ife kabisa, unajua? Miaka ya themanini Ford walitaka kuleta Mustang mpya ya kuvutwa na tairi za mbele, iliyojengwa juu ya vyuma vya Mazda. Wapenzi wa gari wakaandika barua kwa wingi, wakapinga. Kampuni ikasikia: ile ya Mazda ikaitwa Ford Probe, na Mustang ya V8 ikabaki. Probe ilitengenezwa Flat Rock, Michigan, na ilishakufa zamani. Kiwanda hicho hicho ndicho kinachotengeneza Mustang tangu 2004. Za kwako zote mbili zimetoka hapo. Kwenye namba ya chasisi ule mwanzo wa 1ZV ndiyo alama yake.

Kaangalie ya 2013.

KijanaWaChuda

MREJESHO WA PILI.

Tumeinunua ile V6. Yadi walikubali niipeleke kwa fundi ninayemwamini, akaipandisha juu. Chini kuna kutu kidogo ya chumvi kwenye ekzosi, si kwenye mihimili. Mikanda misafi, buti kavu, hati safi. Boneti imevimba rangi kwenye ukingo wa mbele. Fundi anasema ni aluminiamu inakula rangi na magari haya mengi yako hivyo, nikaitumia kuteremsha bei mpaka 10,900. Mfuko wa hewa wa abiria ulikuwa bado, nikaupangia siku, wakaubadilisha kwa saa mbili bila senti.

Kiti cha binti tulikifunga pale yadini kama mama_wawili alivyosema. Kinaingia, kwa kuinama. Mke wangu aliendesha kurudi. Yeye ndiye aliyeomba funguo.

Jumapili iliyopita nilitoka usiku kazini, sikulala, nikashika barabara ya kaskazini kupita Toledo mpaka Flat Rock. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Niliegesha kando ya uzio nikapiga picha moja, gari na jengo nyuma yake. Nimeshamtumia mdogo wangu Tanga. Yule kinyozi bado yupo, mwanawe ndiye anayenyoa siku hizi, na nimemwomba ampelekee ile picha.

Swali lililobaki: tairi za baridi. Rimu zangu ni za inchi 17. Niweke mbili za nyuma tu, au zote nne?

MzeeWaGia

Zote nne. Za nyuma zinakusukuma, lakini za mbele ndizo zinazokata kona na kufunga breki. Na weka mifuko miwili ya mchanga kwenye buti kabla ya Desemba, juu ya ekseli, siyo mwishoni.