Upele umebadilika rangi baada ya kupaka krimu ya steroidi: tupeane uzoefu

Mama Pacha: Wapendwa, binti yangu ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko. Ameandikiwa betamethasoni, krimu ya steroidi ya kutuliza ngozi, mwasho umetulia na usingizi anapata. Ila palipokuwa pameiva rangi ya zambarau sasa pana mabaka meupe. Aliyepitia hili, rangi ilirudi?

Shangazi Tatu: Kwangu ilirudi, ila polepole mno. Miezi, si wiki.

Kipusa: Mimi kinyume, pangu pamebaki weusi.

Mzee wa Zamu: Mada imenigusa. Nilitokwa na baka la duara pajani, nikaambiwa ni mzio, nikapewa krimu ya steroidi. Mwanzoni raha tupu: wekundu ukafifia, magamba yakaisha, pakabaki ukijivu tu. Nikiacha kupaka, mwasho unarudi mkali kuliko mwanzo. Baka likatambaa hadi kiunoni, ukingoni vipele vidogo vidogo, katikati pamesafika. Nilikuwa najikuna usiku hadi shuka linaingia damu. Daktari wa ngozi akakwangua unga kidogo wa ngozi pale ukingoni, akautazama kwenye hadubini. Fangasi! Choa kabisa. Steroidi ilificha wekundu huku fangasi wanastawi. Nikaanzishiwa vidonge, maana walishaingia kwenye vinyweleo.

Kipusa: Pole sana mzee. Hadi nimejikagua mapaja.

Tabasamu: Steroidi ni sumu! Mama, tupa hiyo tyubu leo leo.

Nesi Mstaafu: Tabasamu, usimtishe mzazi. Choa na ukurutu ni vitu viwili. Weupe unaweza kuachwa na ukurutu wenyewe ukipona, au ukaletwa na krimu. Mama, mrudishe kwa daktari aliyemwandikia aitazame ngozi. Na usipake kwa kukisia: krimu ya kujaza ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, kama gramu 0.5, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole.

Tabasamu: Ngozi ya uso wangu ilikonda hadi mishipa ikaonekana, halafu naambiwa natisha watu?

Nesi Mstaafu: Ulipaka ipi?

Tabasamu: Klobetasoli, steroidi pia. Niliuziwa kama ya kung'arisha.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Hiyo ni kali mno, usoni haifai kabisa.

Mzee wa Zamu: Akwanguliwe kwanza, mengine baadaye.

Shangazi Tatu: Mfumbe macho umguse kwa pamba. Baka jeupe lisilohisi ni la kuwahi hospitali, linaweza kuwa ukoma.

Mama Pacha: Nimemgusa, anacheka eti namtekenya. Tyubu sijaitupa, Tabasamu. Kesho tunarudi kliniki.