Kwa nini vitalu vya maua vinatuuzia lantana bila kutuonya?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Miaka sita iliyopita nilinunua miche 20 ya lantana kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Muheza, kwa kuwa nilitaka uzio wa maua mbele ya nyumba. Muuzaji aliisifia kwamba haihitaji kumwagiliwa, inachanua karibu mwaka mzima na mbuzi hawaigusi. Yote yalikuwa kweli. Alichokinyamazia ni kwamba mbuzi huikwepa kwa sababu majani yake yana sumu, na kwamba matunda yake meusi huliwa na shore na ndege wengine, ambao huziangusha mbegu pamoja na kinyesi popote wanapotua.

Leo uzio wangu umeshuka hadi bondeni na umeingia kwenye migomba ya jirani yangu, mzee aliyenipokea vizuri nilipohamia hapa. Tukifyeka, visiki vinachipua upya. Tukichimbua mizizi, mvua za kwanza zinaotesha miche mingine pale pale. Februari, nyasi zilipokauka, ndama wake alikula majani hayo kwa njaa: macho yakawa ya manjano, ngozi ya pua ikapasuka kwa jua, na baada ya siku chache akafa. Nimelipa gharama ya ndama, lakini mzee bado anafyeka kila wiki kichaka ambacho hakukipanda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yanatokea katika wilaya yenye bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambako kila mtu anaweza kwenda kuona jinsi mmea ulioletwa na binadamu unavyotoroka: mti wa Maesopsis eminii, ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo, na Clidemia hirta, kichaka kifupi kilichotapakaa ndani ya misitu ya Usambara Mashariki. Mwenye kitalu wa hapa atawezaje kusema hakujua?

Wenye vitalu mnaosoma uzi huu, nijibuni: mnashindwa nini kumwambia mteja ukweli kabla hajatoa fedha yake? Na yeyote aliyewahi kuimaliza lantana bila kupuliza dawa, maana bondeni kuna kijito tunachochota maji, naomba anieleze alivyofanya na ilimchukua misimu mingapi.