Sosi ya tambi niliyoweka kwenye chupa, vifuniko vinaruka vyenyewe

MamaLuchelele
Mwangaluka wadau. Nina kabustani ka nyanya huku Luchelele, Mwanza, namwagilia maji ya ziwa, na msimu huu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, hajanisumbua kabisa basi zimeiva zote kwa mpigo. Nimegawa majirani mpaka wananikwepa, na sokoni bei ya tenga hata hela ya bodaboda hairudi, nikaona isiwe tabu, ngoja nitengeneze sosi maana wanangu bila tambi hawali. Nikakaanga vitunguu, saumu, hoho na karoti kwenye mafuta, nikamwaga nyanya nilizosaga, nikachemsha weee mpaka ikawa nzito, nikajaza ya moto kwenye chupa za jamu na za siagi ya karanga nilizokuwa natunza, nikafunga nikazigeuza kichwa chini kama nilivyoona kwenye video. Chupa 14. Leo wiki ya tatu, mbili vifuniko vimevimba na moja imefyatuka yenyewe usiku, nilijua mwizi. Zilizobaki 11 kwa macho ziko poa. Nimekosea wapi, na hizo 11 zinalika?

MzeeWaSato
Nyanya zote hizo unapikia tambi na sato wamejaa ziwani 😂 Ila serious mama, weka friza uachane na mambo ya chupa.

MamaLuchelele
Friza na huu umeme wetu baba? Si nitafuga funza.

Msindikaji
Dada pole, ila hizo 11 usile, na usionje hata kwa ncha ya kijiko. Kuna bakteria wa botulizimu, mbegu zake haziuliwi na maji ya kuchemka, halafu anapenda pale pale pasipo hewa, yaani ndani ya chupa uliyoifunga vizuri. Sumu yake inaweza isibadilishe harufu wala rangi, kwa hiyo "kwa macho ziko poa" haitusaidii. Kinachomzuia ni ukali, yaani uchachu wa asidi kama wa limao, sio wa pilipili. Nyanya yenyewe iko mpakani, nyingine kali ya kutosha nyingine hapana, na wewe ukaongeza karoti, hoho na vitunguu ambavyo havina ukali, ndo ukamfungulia mlango kabisa. Mafuta nayo hayatakiwi humo.

Safari ijayo weka nyanya tupu. Menya, saga, chuja mbegu, chemsha ipungue (sosi nzito inakula kama kilo 3 za nyanya kwa lita, usishangae ikiisha). Kila chupa ya lita weka vijiko vikubwa 2 vya maji ya limao ya dukani, yale ya chupa, maana limao la mtini ukali wake haueleweki, au ndimu ya unga (citric acid) nusu kijiko cha chai. Chupa ya nusu lita, nusu ya hapo. Ikikuchachia weka sukari kidogo, usipunguze limao. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu juu, funga, panga kwenye sufuria kubwa lenye kitambaa chini, maji yazidi vifuniko, uchemshe. Video nyingi ni za watu wa usawa wa bahari, wanasema dakika 35 kwa nusu lita na 40 kwa lita. Sisi Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo piga 45 na 50, na hesabu inaanza yakichemka sio ukibandika. Vitunguu na saumu utakaanga siku ya kula.

BabaKisesa
Mnatishana bure. Mke wangu anageuza chupa kichwa chini miaka nenda rudi, hatujaumwa hata tumbo.

Msindikaji
Mkuu hata wa bodaboda asiyevaa helmeti anasema hivyo hivyo. Kugeuza kunafanya kifuniko kinate tu, sosi ya ndani haijaiva zaidi. Na vifuniko viwe vipya, ule mpira wa ndani ukishabonyea mara moja haushiki tena vizuri, wa siagi ya karanga ndo kabisa.

MamaLuchelele
Jamani nimeshachimba shimo nyuma ya migomba, zote 14 chini, roho inauma ila basi. Kuku wasije wakafukua tu. Sasa Msindikaji, nina presha kuka ya maharage, siwezi kuitumia hiyo niweke na vitunguu vyangu humo humo?

Msindikaji
Hiyo hapana dada. Ya kusindikia ni kubwa, ina kipimo cha presha, na muda wake umepimwa. Ya maharage inapata moto haraka na kupoa haraka, huwezi jua ndani ya chupa pamefika wapi. Tumia sufuria la pilau, na vifuniko nunua kabla hujachuma.