Naomba ushauri: kuchaji Nissan Leaf nyumbani Kigamboni, umeme wa fezi moja

Mpenda Njia
Habarini wakuu. Gari ni Leaf ya kWh 40 iliyotoka Japani, chaja yake ya ndani ni ya kW 3. Nyumba ina fezi moja, meini swichi ya ampea 60. Kuna hita ya bafuni ya papo kwa papo ya kW 5.5, pampu ya hp 1, AC moja, friji na pasi. Kutoka DB (boksi la breka) hadi gari linapolala ni mita 22. Kwa siku linatembea kama km 60. Nina maswali matatu:
1. Waya uliokuja na gari una plagi ya Kijapani ya pini bapa. Naweza kukata nikafunga plagi ya 13A?
2. Nahitaji boksi la ukutani la kW 7?
3. Tulipojaribu kwenye soketi ya kawaida, taa ya hitilafu iliwaka nyekundu na gari halikuchaji. Fundi anasema dawa ni kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi. Ni sawa?

Natanguliza shukrani.

Waya Mwekundu
Mkuu, nianze na la tatu kwa sababu ndilo linaloua. USIUNGE ethi na nyutro kwenye soketi, kwa hali yoyote ile.

Kile kiboksi kilicho kwenye waya wa kuchajia kinakagua ethi kabla ya kuruhusu umeme uingie. Taa nyekundu mara nyingi maana yake kimetafuta ethi hakikuiona. Fundi akiunga nyutro pale, taa itazima na gari litachaji vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Nyutro ikija kukatika kwenye nguzo au ikilegea kwenye mita, moto wa laivu unapita kwenye vifaa vya ndani, unarudi kwenye nyutro iliyokatika, unaingia ethi, na bodi zima la gari linakuwa na volti 230. Matairi ni mpira, kwa hiyo gari halishuki ardhini. Atakayegusa kitasa akiwa peku kwenye zege lililolowa ndiye anayegeuka waya wa ethi. Na usitegemee RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ikuokoe hapo.

Tafuta ethi yenyewe ilipo. Fungua soketi uone kama waya wa kijani na njano umefungwa au umekunjwa tu nyuma (ni jambo la kawaida sana). Fuata hadi DB kwenye baa ya ethi, kisha hadi kwenye rodi nje (fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini). Klampu ya rodi mara nyingi imeshika kutu, ukiitikisa inacheza.

Omu Kumi
Naongezea hapo kwa Waya Mwekundu. Multimita pekee inadanganya. Ukipima laivu na ethi utasoma 230 hata kama rodi imeshika ardhi kwa shida, kwa sababu multimita hainyonyi mkondo wa maana. Mwite fundi mwenye kipimo cha ethi. Lenga chini ya omu 100. Ikizidi 200 usiiamini, kwa sababu kiangazi ardhi ikikauka inapanda zaidi.

Na Kigamboni ni mchanga, maji hayakai. Rodi moja ya mita 1.2 iliyopigwa kwenye mchanga mkavu haitoshi. Piga mbili za mita 1.5, ziachane mita 3, uziunge kwa waya wa shaba wa mm² 10, na weka shimo lenye kifuniko ili klampu ionekane. Sehemu nzuri ni pale maji ya AC yanapodondokea, udongo unabaki na unyevu mwaka mzima. Ule mtindo wa kumwaga chumvi na mkaa unashusha kipimo siku za mwanzo, lakini mvua inaosha chumvi na iliyobaki inakula shaba. Rodi ya pili ina faida kuliko kilo kumi za chumvi.

Plagi Baridi
Swali la kwanza: usikate. Sababu ni mbili.

Geuza kiboksi usome lebo. Nyingi za Japani zimeandikwa AC 200V, 15A. Kwetu umeme ni 230, na usiku wa manane watu wakiwa wamelala mzigo unapungua na volti zinapanda zaidi. Kama lebo inasema 200 tu, usikibahatishe.

Pili, hata kama kingestahimili, kile kiboksi kinaliambia gari "vuta hadi 15". Gari halijui kwamba umefunga plagi ya 13A. Litavuta kama ampea 14, saa tatu au nne mfululizo. Pasi inavuta 9 lakini inawaka na kuzima, soketi inapata muda wa kupoa. Gari halipumziki. Kinachoanza ni pini ya laivu upande wenye fyuzi kuwa ya moto, plastiki inageuka rangi ya chai, skrubu inalegea kwa joto, ikilegea joto linaongezeka. Fyuzi haikatiki, maana fyuzi ya 13A inabeba 14 kwa muda mrefu bila kuungua. Kinachoungua ni soketi.

Nunua waya wa Type 1 (ndilo umbo la tundu la Leaf yako) wa volti 220 hadi 240 unaobadilishwa ampea: 8, 10, 13, 16. Angalia bunduki, yaani plagi ya upande wa gari, isiwe ya Type 2 wala GB/T, hazitaingia kwenye Leaf yako. Kwenye soketi ya 13A weka 10, basi. Ukitaka 16, weka soketi ya bluu ya viwandani ya 16A yenye kifuniko cha mvua. Ekstensheni ya kuzungusha sahau kabisa. Ikiwa imekunjwa kwenye kibao chake inajipika.

Hesabu za LUKU
Swali la pili: hapana. Boksi la ukutani si chaja, ni swichi yenye akili. Chaja iko ndani ya gari na yako ni kW 3. Ukiweka boksi la kW 7 au la kW 22, gari litavuta zilezile kW 3.

Km 60 kwa wastani wa kWh 15 kwa km 100 ni kWh 9. Ongeza zinazopotea kwenye kuchaji, unapata kama uniti 10.5. Kwa ampea 10 ni saa nne na nusu. Kwa soketi ya bluu ni saa tatu na kidogo. Usiku unatosha kwa vyovyote. Kwa kundi la bei la T1 la TANESCO, shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, ukijumlisha vyote ni kama 356, hivyo siku moja ni kama 3,700. Kama mita yako iko D1, kundi la bei nafuu lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, gari litakupitisha kikomo hicho ndani ya wiki ya kwanza.

Halafu meini ya 60, kwa ampea: hita 24, gari 14, AC 6, pampu 5, pasi 9, jumla 58, yaani vikiwaka pamoja unakaribia kikomo. Chaji kuanzia saa tano usiku kwa taima ya gari.

Waya Mwekundu
Vifaa basi, mkuu: laini yake peke yake kutoka DB, isishirikiane na soketi nyingine. Waya wa mm² 4 unatosha kwa ampea 16, lakini vuta mm² 6, mita 25, ndani ya bomba la mm 25. Ukibadili gari kesho hutachimba tena. Breka ya 16A, RCD ya 30 mA iliyoandikwa Type A. Ile Type AC ya bei rahisi inaweza kupofushwa na mkondo wa DC unaovuja kutoka kwenye gari. Hakikisha pia kiboksi cha waya kina ulinzi wa DC wa 6 mA.

Ongeza kizuia mawimbi ya radi, na rilei ya volti ya kufungwa kwenye reli ya DB, ikate volti zikitoka nje ya 195 hadi 255, na ichelewe dakika tatu umeme ukirudi. Friji gadi usiitumie hapa, haikutengenezwa kwa mzigo mkubwa wa saa nne mfululizo.

Mpenda Njia
Asanteni sana wakuu. Fundi nimemsimamisha, natafuta mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na kipimo cha ethi. Baada ya kufunga, nipime nini?

Plagi Baridi
Chaji saa moja, zima breka, chomoa, kisha shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikikushinda kushika, kaza skrubu au badili soketi. Rudia baada ya wiki moja, maana skrubu zinaweza kulegea baada ya joto la kwanza. Na kila mwezi bonyeza kitufe cha T kwenye RCD.