Nani aondoke kwanza kwenye njia ya waenda kwa miguu, machinga au gari?

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili bila matusi.

Kila tukisema Dar iwe jiji la kutembea kwa raha, tunarukia machinga. Mwishoni mwa 2021 waliondolewa kwenye hifadhi za barabara, vibanda vikavunjwa, wengi tukashangilia kwamba sasa tutapita. Haya, shuka Kariakoo leo uangalie. Gari limepandisha tairi mbili juu ya pevingi, bodaboda zimejipanga nyuma yake, mfuniko wa mtaro haupo. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani, anaviziana na bajaji, anarudi juu hatua kumi mbele. Hapo machinga yuko wapi?

Msimamo wangu ni kwamba tulianza na mnyonge. Machinga anafuata watu wa miguu, hawezi kuwafukuza maana ndio wateja wake. Achorewe mstari, akae na mita yake moja, tutapita. Tena usiku taa yake ndiyo inayotumulikia. Gari lililopaki linatusaidia nini?

Na kujenga tunaweza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, Kimara hadi Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli. Ila ikate hiyo barabara uingie mitaa ya ndani Manzese, halafu uniambie unakanyaga wapi mvua ikinyesha.

*Jibu la 1*
Mleta mada unaongea kama mtu asiye na duka. Nalipa pango, leseni na kodi, halafu mtu anatandika turubai mlangoni kwangu na bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Hiyo mita moja ataipima nani? Leo turubai, kesho meza, keshokutwa kaweka na mwavuli.

*Jibu la 2*
Mambo ya Ulaya hayo. Saa saba mchana, jua la Dar, nani atoke Posta kwa miguu hadi Kariakoo na shati la ofisini? Jengeni maegesho ya ghorofa, magari yatashuka yenyewe kwenye pevingi.

*Jibu la 3*
Mkuu wa jua, Mji Mkongwe Unguja nao uko Ulaya? Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu zinakingiana jua, baraza za kukaa kila baada ya milango michache. Saa hiyo hiyo saba watu wanatembea, wanasalimiana. Sisi tukipanua barabara tunaanza na kukata miti, halafu tunapanda mitende ya mapambo isiyomfunika hata paka. Kisha tunalaumu jua.

*Jibu la 4*
Natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo haya ni maisha yangu ya kila siku. Machinga nikimwambia "kaka, naomba njia", anavuta meza, mara nyingine ananisukuma kabisa. Gari namwambia nani? Dereva yuko ghorofa ya nne. Ila msisahau ukingo wenyewe: wanajenga njia nzuri, kwenye makutano hakuna mteremko, nageuza nirudi nilikotoka.

*Mleta mada*
Wa jibu la 4, umesema kuliko mimi.

Wa duka, suala la nani ataipima ni gumu kweli, nalikubali. Mgambo akipewa futi mkononi atapima na mfuko wa mtu. Lakini tazama Nairobi, Luthuli Avenue: 2019 ilifanywa ya upande mmoja, matatu zikahamishwa, njia za miguu zikapanuliwa. Nafasi ilitoka kwenye lami. Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo tungeweza kujaribu hata kipande kimoja tu.

Wakenya mliomo humu, hasa wenye maduka Luthuli: mauzo yalipanda au yalishuka?