Naomba ushauri: P0135 imerudi hata baada ya kubadilisha sensa ya oksijeni

Ndugu zangu mnaojua umeme wa magari, nisaidieni. Gari langu ni la petroli, cc 1500, naishi Likoni na kila siku navuka feri. Tangu mwezi uliopita taa ya injini inawaka, na mashine ya kupimia gari inasoma msimbo wa hitilafu P0135, yaani kasoro kwenye saketi ya hita (kipasha joto) ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa egzosi. Fundi akaniwekea sensa mpya. Taa ilizima siku mbili tu, ikawaka tena nikiwa kwenye foleni ya feri, na mafuta yanakwenda kuliko zamani.

Jumamosi niliingia chini mwenyewe na mita. Hita ya sensa mpya inasoma ohm 6 ikiwa baridi, kwa hivyo haijakatika. Fyuzi nzima. Kwenye soketi ya upande wa gari napata volti 12, lakini nikitikisa waya pale unapopita karibu na egzosi, zinapotea kisha zinarudi. Nilipofungua tepu nikakuta plastiki imeyeyuka, na pini moja imeota kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi mnaijua.

Fundi anataka tung'oe waya zote tuweke seti iliyotumika. Mimi naogopa, maana tutagusa hata vitu vizima. Je, nikikata kile kipande kibovu, nikaunga kwa risasi na kubadilisha soketi, itatosha? Na volti nizipime balbu ikiwa imeunganishwa, ili waya ubebe mzigo? Aliyewahi kupitia haya anieleze, tafadhali.